Wale Wanaotetemeka

Nyanya yangu ana neno moja la dharau, na hulitumia Jumapili tu. Tukiwa ushago kule Vihiga, ngoma huanza kusikika kabla hata maji ya chai hayajachemka. Baadaye kidogo watu wa Roho wanapita barabarani, kanzu nyeupe, msalaba mwekundu, wanaimba, na mmoja wawili mabega yao yameshaanza kucheza yenyewe. Nyanya huwachungulia dirishani huku akifunga kitambaa chake cha kanisa. "Hao wa kutetemeka wameshaamka," anasema. Halafu anachukua Biblia yake na kwenda Friends, ambako watu huimba wamesimama wima na mahubiri yana mwanzo na mwisho.

Mimi nimelelewa Friends hiyo hiyo. Nilijua ilianzia Kaimosi mwaka 1902, walipofika Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Nilijua pia kwamba leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, jambo ambalo mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alilirudia kana kwamba tumeshinda kombe. Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni maana ya jina lenyewe. Nililigundua chuoni, nikitafuta habari nyingine kabisa. Quaker, neno ambalo tumelilainisha hadi likawa Mkweka, maana yake ni mtu anayetetemeka. Lilikuwa tusi. Na kumbe ndilo tusi lile lile ambalo nyanya yangu huwatupia majirani zake kila Jumapili, miaka zaidi ya 370 baadaye, bila kujua kwamba ni jina lake mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kaugonjwa ka kusoma maadui wa Wakweka wa kwanza, wale wa Uingereza ya miaka ya 1650. Wakweka wenyewe waliandika sana kuhusu mateso yao, na waliandika vizuri. Lakini aliyeonewa huwa anaijua hadithi yake kwa moyo. Mimi nilitaka kujua waliowachukia waliona nini. Hawakuwa wajinga wote. Baadhi yao walikuwa wasomi wa kuheshimika, na baadhi walikuwa wameonja jela kwa ajili ya imani yao wenyewe. Hao ndio walionisumbua zaidi.

Jina lilitoka Derby, mwaka 1650. George Fox alikuwa na miaka 26, mtoto wa mfumaji, kijana aliyefundishwa kazi ya kushona viatu, asiye na digrii wala kanisa. Aliletwa mbele ya mahakimu kwa shtaka la kufuru. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwaambia watetemeke mbele ya neno la Mungu. Hakimu mmoja, Gervase Bennet, akaligeuza neno hilo kuwa kejeli, akamwita yeye na wenzake watetemekaji. Fox akaenda ndani. Jina likabaki nje, likatembea.

Lilitembea kwa sababu halikuwa uongo. Walitetemeka kweli. Francis Higginson, kasisi wa Kirkby Stephen kaskazini mwa Uingereza, alitoa kijitabu mwaka 1653 akieleza mikutano yao: watu wanaanguka kana kwamba wamepigwa, midomo inachezacheza, viungo vinatikisika, matumbo yanafura, mapovu yanatoka kinywani. Kwake hiyo haikuwa kazi ya Mungu hata kidogo. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimwona kama mchochezi tu. Mara ya pili niliona kitu kingine. Huyu ni mchungaji anayewaona watu wa milima yake mwenyewe wakiacha benchi za kanisa na kwenda kulala kwenye nyasi wakilia, na hana jibu. Kwa hivyo anaandika kile anachokiona kwenye miili yao, maana kilicho ndani hawezi kukifikia.

Lazima ukumbuke Uingereza ilikuwa katika hali gani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza 1642. Januari 1649 Bunge na jeshi walimkata kichwa mfalme Charles I, hadharani, mchana. Maaskofu walikuwa wameondolewa. Udhibiti wa vitabu ulikuwa umelegea, na kila mwenye hasira na pesa kidogo alienda kwa mchapishaji. Kulikuwa na vijitabu, na vijitabu vya kujibu vijitabu, na vya kujibu majibu. Ukitaka picha yake, fikiria X usiku wa matokeo ya uchaguzi, ila kila posti imechapwa kwenye karatasi na inauzwa barabarani. Katika kelele hizo, Wakweka walikuwa wapya na walikuwa wanakua haraka, na hakuna kinachoudhi kama hicho.

Sasa, walishtakiwa nini hasa? Kwanza ni kofia. Mwanamume wa wakati ule alivua kofia mbele ya mkubwa wake: hakimu, tajiri, baba. Wakweka walikataa, wakisema heshima hiyo ni ya Mungu peke yake. Halafu kuna lugha. Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno la kumwita mtu mmoja na neno la kuwaita watu wengi, na mkubwa aliitwa kwa neno la wengi hata akiwa amesimama peke yake. Baadhi ya lugha zetu za nyumbani bado zina adabu hiyo, mzee anaongeleshwa kwa wingi. Wakweka wakasema mtu mmoja ni mmoja. Hebu fikiria umeingia ofisi ya chifu na kofia kichwani, humwiti mheshimiwa wala mzee, unamwambia tu "wewe", na si kwa sababu umelewa bali kwa sababu Mungu amekukataza kufanya vingine. Wengi walifungwa kwa hilo tu, na kwa kukataa kula kiapo mahakamani.

Lakini ukichimba chini ya kofia unakuta pesa. Makasisi waliishi kwa fungu la kumi, na si sadaka ya hiari tunayoijua. Ilikuwa kodi ya kisheria juu ya mazao na mifugo, uwe unampenda kasisi au humpendi. Wakweka walikataa kuilipa. Waliingia makanisani, wakangoja mahubiri, halafu wakasimama na kumwita mhubiri kibarua wa mshahara mbele ya waumini wake. Richard Baxter wa Kidderminster, mmoja wa wachungaji wenye bidii na akili kuliko wote nchini, alipandwa na hasira hadi akaandika kitabu kizima dhidi yao mwaka 1655. Ndani yake kuna uchungu wa mtu anayefanya kazi usiku na mchana halafu kijana anamwita mwizi. Ningekuwa yeye ningekasirika pia. Ila kuna kitu ambacho Baxter hakutaka kukiangalia kwa muda mrefu: kama yaya na mchunga kondoo wanaweza kusikia sauti ya Mungu moja kwa moja, basi digrii ya Oxford inalipiwa mazao ya mkulima kwa nini?

Na tukitaja Oxford. Mwaka 1654 wanawake wawili Wakweka, Elizabeth Leavens na Elizabeth Fletcher, walienda kuhubiri pale. Fletcher alikuwa bado msichana. Wanafunzi, yaani makasisi wa kesho, waliwaburuta na kuwamwagia maji ya bomba. Kisha mkuu wa chuo, John Owen, mwanatheolojia ambaye vitabu vyake vinasomwa hadi leo, akasimamia wachapwe viboko kama wazururaji. Wapinzani wa Wakweka waliporudia rudia kwamba mwanamke anyamaze kanisani walikuwa na aya yao ya Paulo mkononi. Margaret Fell aliwajibu kwa kitabu mwaka 1666, naye pia alikuwa na aya zake, na alikiandika akiwa jela.

Kuna ukosoaji mwingine ambao ni wa kuchekesha, kama damu isingehusika. William Prynne alikuwa wakili. Miaka ya 1630 alikatwa masikio kwa amri ya mahakama ya mfalme kwa sababu ya maandishi yake, na mara ya pili akachomwa herufi mashavuni. Ungedhani mtu kama huyo angekuwa na huruma kwa mwenye maoni yake. Mwaka 1655 alitoa kijitabu akidai kwamba Wakweka si Waprotestanti waliopotea hata kidogo. Ati ni Wajesuiti na watawa Wafransisko waliojificha, vyura waliotemwa na Roma, wametumwa kuivuruga Uingereza. Fox, aliyemwona Papa kuwa kila kitu kibaya, alikuwa ajenti wa Papa! Hoja yenyewe haikuhitaji ushahidi. Ukishasema mtu ametumwa na wageni, huna haja tena ya kusikiliza anachosema. Sitataja nani ametumia mbinu hiyo hapa kwetu, mnamjua.

Mkosoaji ninayemheshimu zaidi ni fundi wa kuziba sufuria. John Bunyan wa Bedford alikuwa hajafika miaka 30 alipochapisha kitabu chake cha kwanza kabisa, mwaka 1656, na kilikuwa dhidi ya Wakweka. Bunyan hakuwa na mshahara wa kutetea wala digrii ya kulinda. Kofia hazikumsumbua sana. Kilichomuuma ni hiki: Wakweka walizungumza kuhusu Kristo aliye ndani, Nuru iliyo katika kila mtu, mpaka yeye akahisi kwamba Kristo aliyezaliwa na mwanamke, akatokwa damu nje ya Yerusalemu, tarehe fulani, mahali fulani, amegeuka kuwa mfano tu. Ukiwa na Kristo wa ndani peke yake, utajuaje kwamba si wewe mwenyewe unayejiongelesha? Bunyan alijua vizuri sauti za ndani. Miaka kadhaa kichwa chake kilikuwa kimejaa sauti, nyingine zikimwambia amuuze Yesu. Kwake, maandiko yaliyochapwa kwenye karatasi yalikuwa kamba ya kushikilia. Halafu wanakuja hawa wanamwambia asikilize kilicho ndani.

Edward Burrough, Mkweka ambaye hata miaka 25 hakuwa amefika, alimjibu kwa ukali mwaka huo huo. Bunyan akajibu tena 1657. Wanatukanana vibaya sana, vijana wawili ambao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu, wakibishana kuhusu jambo kubwa kuliko yote wanayoyajua. Burrough alikufa 1663 akiwa mfungwa katika jela ya Newgate, London. Bunyan alikamatwa 1660 kwa kuhubiri bila kibali na akakaa ndani miaka 12. Alitoka 1672. Msamaha wa kifalme uliomtoa ulifuatiliwa na Mkweka aitwaye George Whitehead, aliyeomba kwa ajili ya mamia ya Wakweka waliokuwa jela na akakubali majina ya wafungwa wa madhehebu mengine yaongezwe kwenye hati. La Bunyan lilikuwa miongoni mwa hayo. Miaka sita baadaye alichapisha Pilgrim's Progress, ambayo imetafsiriwa hadi kwa Kiswahili. Iko kwenye kabati la nyanya, karibu na redio.

Swali la Bunyan ndilo swali la wakosoaji wote walio na akili, na naona aibu kidogo kukubali kwamba lilikuwa swali zuri. Ikiwa sauti inaongea ndani yako, nani ataipima? Na jibu lilikuja likiwa limepanda farasi.

James Nayler alikuwa mwanajeshi wa zamani wa Bunge, msemaji wa ajabu, na mjini London wengi walimwona yeye, si Fox, kuwa kiongozi wa Wakweka. Ndiye aliyekuwa amemjibu Baxter. Septemba 1656 yeye na Fox waligombana ndani ya jela ya Exeter. Nayler alitaka kumbusu, Fox akamnyoshea mguu. Tarehe 24 Oktoba, Nayler aliingia Bristol kwenye mvua kubwa, juu ya farasi, kundi dogo likitembea kwenye matope pembeni yake na wanawake wakiimba "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Kila mtu aliyekuwa na Biblia alijua ni tukio gani linaigizwa. Walipokamatwa na kupekuliwa, barua zilizopatikana zilimpa Nayler jina la Yesu mwenyewe.

Alijitetea kwamba ilikuwa ishara. Heshima ile haikuwa kwa James Nayler, kiumbe, bali kwa Kristo aliye ndani yake, na ndani ya kila mtu. Kwa mafundisho ya Wakweka hoja hiyo ina mantiki, na hapo ndipo penye shida. Wakosoaji walikuwa wamesema tangu mwanzo: njia hii mwisho wake ni mtu kujiita Mungu. Sasa walikuwa na mtu, na farasi, na mashahidi.

Bunge la Uingereza lilijadili kesi yake kwa siku kama kumi. Bunge zima, lenye nchi ya kuendesha. Hoja ya kumuua ilishindwa kwa kura 96 dhidi ya 82. Wakaamua badala yake afungwe kwenye mbao hadharani, achapwe viboko 310 katika mitaa ya London, ulimi wake utobolewe kwa chuma cha moto, achomwe herufi B kwenye paji la uso kwa ajili ya kufuru, kisha apelekwe Bristol apandishwe farasi akiangalia nyuma, achapwe tena, halafu afungwe na kazi ngumu. Yote yalifanyika. Oliver Cromwell, aliyekuwa anatawala, aliwaandikia wabunge akiuliza wamefanya hayo kwa mamlaka gani, lakini hakuyazuia.

Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na bado kuna kitu kinanikwama. Ulimi. Hawakuchagua mkono wala mguu. Walikuwa wameshindwa kuipima sauti, wakaamua kutoboa pale inapotokea.

Ng'ambo ya bahari walienda mbali zaidi. Boston ilijengwa na Wapuritani waliokimbia maaskofu wa Uingereza ili waabudu wanavyotaka. Julai 1656 walifika Wakweka wawili wa kwanza, Mary Fisher na Ann Austin. Walivuliwa nguo na kukaguliwa kama wana alama za uchawi, vitabu vyao vikachomwa, wakarudishwa melini. Sheria zikafuatana. Mwaka 1658 wanaume watatu walikatwa kila mmoja sikio la kulia. Mwaka huo huo ikapitishwa kwamba Mkweka aliyefukuzwa akirudi atanyongwa. Kasisi John Norton aliombwa na serikali ya koloni aandike kitabu cha kuhalalisha hayo, na kikatoka 1659. Hoja yake kubwa ilikuwa usalama: mwenye kichaa hatari huachi azurure, na mbwa mwitu humwachii zizi. Oktoba 1659 waliwanyonga William Robinson na Marmaduke Stephenson. Mary Dyer alikuwa amefungwa kamba tayari, wakamteremsha, wakamfukuza. Alirudi. Wakamnyonga tarehe 1 Juni 1660. William Leddra alifuata mwaka 1661, na baada yake mfalme mpya akatuma barua kutoka London kuwazuia.

Karibu na hapo, Rhode Island, aliishi mzee Roger Williams. Boston walikuwa wamemfukuza yeye pia, mwaka 1635, kwa sababu ya maoni yake. Alianzisha koloni ambamo serikali haikuruhusiwa kugusa dhamiri ya mtu, na Wakweka wakakimbilia humo. Williams hakuwapenda kabisa. Aliona mafundisho yao ni sumu na tabia zao ni utovu wa adabu. Kwa hivyo mwaka 1672, akiwa mzee, aliandika hoja 14 dhidi yao, akawaita kwenye mdahalo, na akapiga kasia siku nzima kwenda Newport kuwakabili. Siku tatu walibishana pale, na siku ya nne kule Providence. Walimkatiza, akawakatiza. Mwaka 1676 alichapa kitabu kirefu cha kulalamika. Na Wakweka wa Rhode Island waliendelea kulala kwenye nyumba zao, masikio yote mawili yakiwepo. Katika wakosoaji wote ninaowajua, Williams ndiye ningependa kumnunulia chai.

Kile ambacho sikukitarajia ni Wakweka wenyewe walifanya nini na swali lile. Walilikubali. Baada ya Nayler waliogopa. Alipotoka jela 1659 alikuwa amenyenyekea, akapatanishwa na Fox mwanzoni mwa 1660, na mwaka huo huo akafa baada ya kuvamiwa na wezi njiani akirudi kaskazini. Muda mfupi baadaye akatokea John Perrot, aliyekuwa ametoka Roma, ambako alienda kumwongoa Papa na akaishia kufungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Perrot alisema hatavua kofia wakati wa maombi isipokuwa Roho amsukume. Ni mantiki ile ile ya Fox mbele ya hakimu. Fox akamkataa na wafuasi wake wakamtenga. Watu waliofungwa kwa kutovua kofia sasa walimwambia mwenzao avue kofia!

Mnamo miaka ya 1660 Fox alipanga mikutano ya kila mwezi ya kusimamia nidhamu. Kuanzia 1673 kamati ilikaa London kila Jumatatu kusoma maandishi ya Wakweka kabla hayajachapwa, na kuzuia yale yaliyozidi. Manabii wakapata wahariri. Hata maandishi ya Fox mwenyewe yaliwahi kuzuiwa, na alilalamika kwamba hakuanzisha kamati ili imnyamazishe yeye. Nadhani kamati hiyo iliwaokoa. Makundi mengine mengi ya wakati ule yalikufa. Lakini mtetemo uliisha. Polepole Mkweka akawa mtu mtulivu mwenye nguo za kijivu, mwaminifu dukani, na baada ya vizazi kadhaa hakuna aliyekumbuka mapovu ya Higginson.

Wamarekani waliofika Kaimosi walikuwa wajukuu wa utulivu huo, ingawa wao tayari walikuwa na wachungaji na nyimbo za uamsho. Mwaka 1927 Arthur Chilson, mmoja wa wale watatu wa kwanza, alihubiri kuhusu ubatizo wa Roho Mtakatifu. Watu wakaanza kulia, kukiri dhambi kwa sauti, kunena kwa lugha, na kutetemeka. Kutetemeka kule kule! Kama kuna mahali duniani palipofaa kulitambua, palikuwa Kaimosi. Chilson alipoondoka, wamishonari waliobaki na wazee wa kanisa walipiga marufuku mambo hayo. Waliokataa kuyaacha walitolewa, wakaanza kuabudu wenyewe, na kutoka kwao ndipo tuna African Church of the Holy Spirit. Watu wa ngoma. Watu wa dirisha la nyanya.

Siwezi kusema waliowatoa walikuwa wabaya. Walikuwa na swali la Bunyan, na mimi nimeshakubali kwamba ni swali zuri. Ila lazima niseme pia kwamba hawakupiga kasia kwenda kubishana nao siku nne.

Desemba iliyopita nilimsimulia nyanya haya yote, tukimenya viazi. Alisikiliza kuhusu Nayler kwa makini sana.

"Walimtoboa ulimi kwa sababu ya farasi?"

"Kwa sababu walisema amejifanya Yesu."

"Na alikuwa amejifanya?"

"Yeye alisema hapana."

Akamenya kiazi kizima bila kusema kitu. Nikaona huu ndio wakati, nikamwambia kwamba Quaker maana yake ni mtu anayetetemeka. Kwamba wa kwanza walikuwa wanaanguka chini kama watu wa Roho.

"Hao walikuwa wazungu," akasema.

Nikamwambia hata Chilson alikuwa mzungu.

Akanisukumia sufuria. "Ongeza maji," akasema, "hivyo viazi vitakuwa vyeusi."